Ukimtafuta babu wa babu yako, anzia kwa mshahara wake

Chukua simu sasa hivi uitishe taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Isome polepole. Utaona ulihama mtaa lini, maana nauli ilibadilika. Utaona nani ulikuwa unamtumia kitu kila mwisho wa mwezi, na mwezi gani uliacha kumtumia. Utaona wiki ambayo nyanya alilazwa na ukoo mzima ukachanga. (Fuliza nayo utaiona, lakini hiyo tuiache kwa leo.) Picha zako za Instagram zinasema mwaka mzima ulikuwa sherehe. Pesa inasema ulikuwa wapi kweli.

Nalileta hili kwa sababu naona wenzangu wengi wa mjini wameanza kuuliza walikotoka, na wengi wanatafuta pasipo na kitu. Kuna wanaolipa dola wakatuma mate yao kwa maabara ya ng'ambo, halafu wanaletewa ripoti kwamba wao ni watu wa Afrika Mashariki. Hilo hata makanga wa Rongai angekuambia bure. Kile ambacho mate hayatakuambia ni jina. Baba ya nyanya yako aliitwa nani? Alitoka kwa chifu gani? Kwa nini aliondoka nyumbani na hakurudi?

Kwa wengi wetu, makaratasi ya kujibu maswali hayo hayapo. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Cha ubatizo labda, kama wamishonari walifika mapema kwenu. Kaburi halijulikani. Lakini kama mtu wako alichukuliwa katika vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, au alienda Keya wakati wa vita vya Hitler, basi huenda kuna karani aliyeandika jina lake kwenye daftari, na hakuliandika kwa mapenzi. Aliliandika kwa sababu ya pesa.

Jeshi la mkoloni halikujali mtu wako alizaliwa siku gani wala alipenda nini. Lilijali hesabu. Ofisa aliyetoka na sanduku la rupia kulipa watu 500 alipaswa kurudi na orodha ya watu 500, na mbele ya kila jina alama ya kidole au sahihi. Bila hiyo, wakaguzi wangemuuliza pesa zimeenda wapi. Kwa hivyo daftari la malipo huwa na vitu ambavyo hata familia imesahau: namba ya mtu jeshini, jina lake na la baba yake, kabila, wilaya, wakati mwingine chifu wake, siku aliyoandikwa, siku ya mwisho kulipwa, na nani alipaswa kupewa pesa yake kama angekufa. Hapo kuna ukoo mzima katika mstari mmoja.

Tuanze na Kariakoo. Ukienda soko la Kariokor hapa Nairobi kununua kiondo au kula choma, unakanyaga jina la kikosi. Lilikuwa Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza, likawa Kariokor hapa na Kariakoo kule Dar es Salaam. Hawa walikuwa wapagazi, na wengi hawakuwahi kushika bunduki. Waingereza walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck kutoka Taveta hadi kusini kabisa ya Tanganyika na kuingia Msumbiji, barabara hazikuwepo, na ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa mbung'o. Kwa hivyo risasi, unga na mizinga vilibebwa na vichwa vya watu. Mwaka wa 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua kwa lazima. Mwaka wa 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, machifu wakaamriwa kutoa wanaume kwa maelfu, na hapo ndipo vijiji vingine vilipobaki na wazee na watoto.

Walikufa vibaya. Wengi hawakuuawa na adui. Ni kuhara damu, malaria, nimonia, na unga uliopikwa nusu kwa sababu hapakuwa na kuni wala muda. Hesabu rasmi ilikubali makumi ya maelfu ya vifo, na wanahistoria wengi huweka idadi ya wapagazi wote waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki karibu na 100,000.

Sasa sikiliza sehemu inayonichoma. Mtu akifa kabla ya kulipwa, mshahara wake unabaki. Baada ya vita palikuwa na rundo la mishahara ya marehemu ambayo haikuwa imechukuliwa na mtu. Familia hazikujua ipo, na nyingine hazikuwa zimeambiwa hata kwamba mtu wao amekufa. Pakazuka mvutano wa miaka mingi kati ya wakubwa wa Nairobi na wakubwa wa London: pesa hizi zirudi kwa jamii za waliokufa, ama zibaki kwa hazina ya Uingereza? Zilibaki Uingereza.

Lakini hebu fikiria deni lile lilihesabiwa vipi. Huwezi kujua unadaiwa kiasi gani bila kujua ni nani anakudai. Kila shilingi isiyochukuliwa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina. Serikali iliyosema haiwezi kuandika majina ya wapagazi makaburini, eti hawajulikani, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imewaandika kwa ajili ya mshahara.

Zile sanamu tatu za shaba kwenye barabara ya Kenyatta unazipita kila siku ukikimbilia matatu. Ziliwekwa mwaka wa 1928. Mmoja ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yao, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu hizo mara mbili, mara tatu. Hutapata jina hata moja.

Ilichukua hadi 2021 kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC, kutoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi ni sawa. Ila radhi kwa watu wasio na majina ni kama kutuma pole bila kujua msiba uko kwa nani.

Na majina yanapatikana, hilo ndilo tunalopaswa kulishika. Si zamani sana, watafiti walipata katika hifadhi za KDF hapa Nairobi makaratasi ya jeshi la kikoloni ambayo yalidhaniwa yamepotea au kuharibiwa, na ndani yake majina zaidi ya 3,000. Huko Cape Town, Januari 2025, ukafunguliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliohudumu kama vibarua katika vita vya kwanza, zaidi ya majina 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mti. Hawakuanza na mchongaji. Walianza na makaratasi.

Vita vya pili makaratasi yake yako karibu zaidi, kwa sababu wengine wetu tulikuta wazee waliopigana bado wako hai, wakisimulia Abasinia na Bama huku sisi tukitafuta chaneli ya katuni. Karibu Wakenya 98,000 walihudumu. Walikuwa Ethiopia 1941, Madagaska 1942, misitu ya Burma 1944. Na hapa daftari la malipo linaongeza kitu kitamu sana kwa mtafiti: pesa ya nyumbani. Askari aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa familia kupitia ofisi ya DC. Kwa hivyo ilibidi aseme ilipwe nani. Mke? Yupi? Mama? Kaka mkubwa?

Ukitaka kumpata nyanya mkuu wako kwenye maandishi ya kikoloni, mahali pengi hayupo. Hakulipa kodi kwa jina lake, hakubeba kipande. Lakini kwenye pesa ya nyumbani anaweza kuwepo, jina lake kamili, mke wa fulani, wa kijiji fulani, mpokeaji. Na mahali ambapo pesa ililiwa na shemeji, kuna barua za malalamiko. Askari waliziandika kwa wingi kutoka mbali huko: nimetuma hela, nasikia mke wangu hajaona kitu, Bwana DC tafadhali fuatilia. Hizo kesi tunazijua sote. Siku hizi zinaendelea kwenye grupu za WhatsApp za familia.

Daftari hilo hilo linatoa ushahidi wa dhuluma. Mwaka wa 2019 wanahabari walifukua hati ya siri ya jeshi la Uingereza iliyoonyesha kwamba marupurupu ya mwisho wa vita yalipangwa kwa cheo, kwa muda wa kuhudumu na kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata hadi mara tatu pungufu ya mzungu wa cheo sawa. Wazee walikuwa wakilisema hilo miaka yote, tukadhani ni uchungu wa uzee. Kumbe kuna jedwali.

Wamarekani weusi wanalijua hili kutuzidi. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, askari mweusi aliahidiwa dola 10 kwa mwezi, zikakatwa 3 za nguo, huku mzungu akipata 13 na nguo juu. Bunge lilirekebisha mwaka wa 1864. Leo vitukuu wa watu waliokuwa watumwa, ambao hawakuandikwa popote kwa majina kamili, huwapata babu zao kwenye orodha za malipo na faili za pensheni za vita vile.

Waingereza wenyewe je? Faili nyingi za utumishi za askari wao wa vita vya kwanza ziliteketea London mwaka wa 1940, bomu la Wajerumani lilipoangukia ghala. Unajua familia zinategemea nini? Madaftari ya pesa za marehemu, yaliyohifadhiwa na Makumbusho ya Jeshi la Kitaifa huko London. Yanaonyesha askari aliyekufa alikuwa anadai kiasi gani na nani alilipwa: mjane, mama, dada. Yamepigwa picha yote, yako mtandaoni. Kijana wa Leeds anampata mjomba wa babu yake kabla chai haijapoa. Kijana wa Kangundo anaambiwa aandike barua, asubiri.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Madaftari haya yafunguliwe, na yafunguliwe kwetu kwanza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria nzima ya kutekeleza hilo. Orodha ya watu waliolipwa rupia mwaka wa 1917 haiwezi kuwa siri ya usalama wa nchi. Adui gani ataitumia? KDF na Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka wakae pamoja, wapige picha kurasa, watengeneze faharasa ya majina, waiweke wazi bila malipo. Na tuwe macho na kitu kimoja: ikija kampuni ya nje ikijitolea kuyapiga picha "bure", tusome mkataba. Yale madaftari ya Waingereza niliyoyataja yako kwenye tovuti ya kulipia. Sitaki kuona siku ambapo mtoto wangu analipa dola kila mwezi ili aangalie alama ya dole gumba la babu yetu.

Najua wapo watakaosema hii ni kazi ya watu wasio na kazi. Unga uko juu, kodi ya nyumba inangoja, halafu mtu anazungumzia wapagazi wa 1917. Sawa. Lakini sisi ndio kizazi kinacholia kila siku kwamba serikali inatuhesabu wakati wa kutoza na kutusahau wakati wa kulipa. Mtu wa kwanza kwenye ukoo wako kufanyiwa hivyo huenda yuko kwenye daftari hilo, na kiasi anachodai kimeandikwa.

Wengine watasema wale wazee walipigania vita vya mzungu, kwa nini tuwatukuze? Mimi sisemi tuwatukuze. Wengi walikamatwa kama kuku. Nasema tuwajue. Aliyeshikwa kwa nguvu ana haki ya jina kuliko hata aliyejitolea.

Na kabla hujauliza: fidia usiitegemee. Mtu akikupigia akisema lipa ada ya usajili ujukuu wako ulipwe na Uingereza, kata simu.

Sasa, unaanzaje wakati madaftari hayajafunguliwa? Unaanza nyumbani, kabla ya ofisi yoyote. Orodha ina akina Kamau, Otieno na Mutua kwa mamia, na bila jina la baba, ukoo, kijiji na chifu wa wakati ule, utachukua babu wa mtu mwingine. Uliza pia kama kuna medali kwenye sanduku la mtu. Za vita vya kwanza walizopewa askari zilichongwa jina na namba kwenye ukingo. Zile za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazina jina, kwa hivyo usikate tamaa ukiikuta tupu.

Halafu jifunze majina ya zamani, maana hapa ndipo wengi hukwama. Karani hakuandika Mluo wala Mluhya, aliandika Kavirondo, wote pamoja. Mbukusu aliitwa Kitosh. Mkipsigis ni Lumbwa. Mijikenda ni Wanyika. Murang'a utaikuta kama Fort Hall. Jina lenyewe liliandikwa na mtu asiyejua lugha yenu, akisikia kwa sikio moja, foleni ikiwa ndefu na jua likiwa kali, kwa hivyo litamke kwa sauti kabla ya kusema si lake. Pesa nayo inakupa tarehe: kama malipo ni rupia, uko kabla ya 1920 au hapo hapo, kisha florini zikapita haraka, kisha shilingi.

Na usiamini kila kilichoandikwa. Neno "mtoro" mbele ya jina linaweza kumaanisha mtu aliyetoroka, na linaweza kumaanisha mtu aliyefia porini usiku na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kwa karani ilikuwa rahisi kuandika mtoro, na mtoro hadai mshahara. Ikiwa nyumbani wanasema hakurudi kamwe na daftari linasema alitoroka, mimi nitaanza kwa kuwaamini wa nyumbani.

Kwa vita vya pili, tovuti ya CWGC ina majina ya waliofariki na kutafuta ni bure. Waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, wapo humo. Meli hiyo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani na watu 1,297 wakafa, wakiwemo wanajeshi wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako pia kwenye ukumbusho katika makaburi ya vita ya Ngong Road, unaweza kwenda Jumapili. Faili za wilaya, zenye barua za DC na malalamiko ya pesa ya nyumbani, tafuta Archives pale Moi Avenue. Ndiyo, hiyo hiyo. Umesimama nje yake mara mia ukimngoja mtu aliyesema yuko Khoja kumbe ndio anaoga. Beba kitambulisho, ingia, mwambie anayehudumu unataka faili za wilaya yenu za 1914 hadi 1922, au 1939 hadi 1947, kwa jina la zamani la wilaya.

Na Desemba mkienda ushago, kaa na mzee mmoja, washa rekoda ya simu, umuulize: "Guka, kwetu nani alienda Keya au Kariakoo? Alikuwa wa nani? Nani alikuwa akienda kwa DC kuchukua pesa yake?" Hilo la mwisho usiliruke. Mara nyingi jina la aliyechukua pesa ndilo familia inalikumbuka.